Mama Risiti na barua yake ya mwezi

Jumanne saa nne asubuhi dereva wetu aliingia ofisini na bahasha ya kaki iliyovimba kama mfuko wa mahamri, akaiweka mezani, akabaki wima. Mzee huyu akikataa kiti, ujue masurufu yamekwama.

"Mama Risiti, leo utanifunga."

Ndani mlikuwa na vipande 31 vya karatasi ya daftari la shule. Kila kipande kina tarehe, kiasi, namba ya simu na sahihi ya kijana wa boda boda. Shilingi 100, 150, 100, 100. Ni wiki mbili za kubeba visanduku vya barafu kwenye vichochoro vya Mathare ambako gari letu haliingii. Hakuna boda anayetoa risiti ya mashine. Mkaguzi naye hajawahi kupanda boda, au kama amepanda basi hakuwa kazini.

Mimi ni afisa wa ruzuku za utafiti katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Jina silitaji, bado nina mkopo wa sako. Pesa ya mfadhili ikifika, mtafiti huiona ni yake, mfadhili naye huiona bado ni yake, na mimi nimekaa katikati na kalamu nyekundu. Kwa miaka sita nimekuwa nikituma barua ya mwezi kwa watafiti wote: masharti yaliyobadilika, tarehe za ripoti, leseni zinazokaribia kuisha. Naiandika kwa Kiingereza safi, yenye vichwa vidogo vidogo. Najivunia vichwa vile.

Hakuna anayeisoma. Ushahidi ninao. Miezi mitatu mfululizo niliandika kwamba safari ikilipwa kwa pesa ya serikali ya Marekani, tiketi sharti iwe ya shirika la ndege la Marekani, isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa. Mwezi wa nne Prof mmoja akaja na tiketi ya Kenya Airways, ile safari ya New York ya moja kwa moja iliyoanza Oktoba 2018, amejaa uzalendo. Nikamweleza kwamba mashirika hugawana safari: kiti hicho hicho kikiuzwa na shirika la Marekani, kwa herufi zake kwenye tiketi, kinakubalika. Ndege ile ile, dirisha lile lile, kuku yule yule. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa maji ya mfereji yana jinsia. Idara yake ndiyo iliyolipa.

Barua ilibadilika kwa sababu ya huyu Mzee wa bahasha. Mwaka jana aliniuliza, bila hasira, mbona barua haimfikii yeye. Nikamjibu ni ya watafiti. Akasema, "Na pesa inatumiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Prof hutia sahihi. Anayenunua barafu, anayelipa boda, anayemtafuta mama wa chapati wa kulisha kikao cha wazazi, ni dereva na wahudumu wa afya ya jamii. Mama wa chapati mwenyewe ni sura nzima: tangu Januari 2024 mamlaka ya ushuru inataka gharama za biashara ziwe na ankara ya eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, na mhasibu wetu amelipokea neno hilo kama wokovu.

Basi nikaanza kuandika ya Kiswahili, ukurasa mmoja, naituma kwenye kundi la WhatsApp la timu ya mtaani. Ya kwanza nilimpa Mzee aipitie. Nilikuwa nimeandika "gharama zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa chini ya masharti ya ruzuku." Akasoma, akavua miwani. "Andika: pesa hii inanunua nini, na hainunui nini." Nikaandika hivyo. Kwenye "mgongano wa maslahi" akauliza kama ndio kumpa shemeji tenda ya maji ya chupa. Nikamwambia ndio hasa. Ikabaki hivyo: shemeji na maji ya chupa. Nasikia kuna mtu alisoma akanyamaza sana siku hiyo, lakini hiyo si habari ya leo.

Kilichonifunza zaidi ni kijiko. Fomu yetu ya ridhaa ilisema mtoto atatolewa damu "kijiko kimoja cha chai." Fomu nyingi husema hivyo, kwa kuwa kijiko cha vitabuni ni mililita 5. Mhudumu mmoja, mama mtu mzima aliyezalisha nusu ya mtaa wake, akanipigia: "Wazazi wanauliza, kijiko cha kukoroga au cha kupimia sukari?" Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nilichukua vijiko vitatu vya kantini na bomba la sindano lisilo na sindano, nikapima maji pale kwenye sinki. Cha kwanza kilimwagika kabla ya mililita 4. Cha pili kilibeba 5. Cha tatu, kile kikubwa ambacho kila mtu hukigombania, kilikaribia 8. Katika mji ambao bibi zetu walitishwa kwa habari za mumiani wanyonya damu, hilo si jambo la kuwaachia vijiko vya kantini.

Tukabadilisha: mililita 5, na chupa yenyewe mzazi aoneshwe kabla hajatia kidole au sahihi. Lakini fomu ya ridhaa hairekebishwi kwa kalamu. Hata mstari mmoja unarudi kwenye kamati ya maadili, na mpaka idhini itoke unaendelea na fomu ya zamani au unasimama. Tulisimama. Prof alinuna wiki tatu kwa sababu ya kijiko, na sikumwonea huruma hata kidogo.

Habari zilizoufurahisha ukurasa wangu zilitoka Helsinki. Oktoba 2024 madaktari wa dunia walilipitia upya Azimio la Helsinki, lile la 1964 la maadili ya utafiti kwa binadamu, na sasa anayefanyiwa utafiti anaitwa mshiriki, si mtu wa kufanyiwa tu. Nikaandika habari hiyo nikitarajia shangwe. Yule mama akajibu kundini: "Kwani zamani mlikuwa mnawaitaje?" Fomu zetu za Kiswahili zilikuwa na neno mshiriki siku zote.

Habari nyingine sikujua niziandikeje. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na barua za kuamuru miradi isimamishe kazi zikafuata. Rafiki zangu wawili wa miradi mingine walifungasha meza zao wiki hiyo. Sisi tulipona kwa kuwa pesa yetu ilitoka Taasisi za Taifa za Afya za huko huko, ile NIH, kupitia chuo cha Marekani kinachotugawia fungu. Tarehe 1 Mei NIH nayo ikatangaza kwamba haitatoa tena mafungu ya namna hiyo kwa taasisi za nje mpaka iweke utaratibu mpya wa kuyafuatilia. Sababu iliyotajwa ilikuwa uwazi na usalama wa taifa lao.

Kufuatiliwa hakunisumbui. Ndiyo kazi yangu. Tangu 2024 sharti jipya linawataka wanaopokea mafungu hayo nje ya Marekani wafungue daftari za maabara na data kwa chuo kinachowagawia angalau mara moja kwa mwaka, na zetu ziko tayari, zina kurasa zenye namba. Ninachokiona kigumu ni hesabu. Juu ya pesa ya utafiti wenyewe, taasisi ya nje huongezewa asilimia 8 kwa gharama za uendeshaji: stima, mlinzi, intaneti, mimi. Vyuo vingi vya kwao hujadiliana vikavuka 50. Mtu anataka ulinzi wa benki kwa bei ya kufuli la kabati.

Kundini niliandika sentensi nne tu. Mkataba wetu wa sasa unaendelea. Ukiisha, hatujui. Mshahara wa mwezi huu upo. Yeyote atakayewaambia vingine, mniulize mimi. Zilisomwa na wote 19 kabla ya saa moja jioni. Barua yangu ya Kiingereza haijapata siku kama hiyo.

Sasa, bahasha. Tulikaa na Mzee tukazipanga karatasi kwa tarehe. Kwa malipo yasiyo na risiti tuna fomu: nani, wapi, kwa nini, kiasi gani, na ujumbe wa M-Pesa kama upo. Kati ya 31, malipo 24 yalikuwa na ujumbe kwenye simu yake. Saba yalikuwa taslimu, na hayo Prof atayatilia sahihi mwenyewe, apende asipende. Tulimaliza karibu saa saba. Nilisukuma karatasi pembeni, chini ya dirisha lililo wazi, nikasema twende tukale.

Mzee hakunyanyuka.

"Mama, barua yako ya mwezi wa pili. Sheria ya data ya 2019."

"Inasemaje?"

"Ulisema namba ya simu ya mtu ni mali yake, tusiiache ovyo mezani." Akanyoosha kidole. "Hizo ni namba za vijana 31."

Nilifungua kabati, nikaiweka bahasha ndani. Ufunguo ukagoma, kama kawaida yake. Yeye ndiye aliyelifunga.