Mbwa Aliyeitwa Hayawahusu

Jirani yetu wa Kisenyi, Kampala, alimpa mbwa wake jina la Hayawahusu. Lilikuwa jina la kupeleka ujumbe. Kila jioni mama yule alisimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, akaita kwa sauti ya kufika nyumba ya nne: "Hayawahusu! Wewe Hayawahusu, njoo ule!" Na wale waliokuwa wakimsema kwa pombe aliyouza na kwa wageni wake wa usiku walijua wameambiwa.

Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Tabora, akaja Kampala na babu kwa meli ya Mwanza kabla reli ya kutoka Mombasa haijafika mjini mwaka 1931, na tangu hapo aliishi kama mtu aliye safarini: mkeka wake, buli lake, Kiswahili chake. Luganda alikielewa chote, ila alikataa kukijibu. Kwake mbwa ni najisi, basi. Akigusa kanga yako kwa pua iliyolowa, unarudi ndani unabadilisha. Mimi nilikuwa na miaka minane na nilimpenda yule mbwa kwa siri, kama wenzangu walivyopenda sigara.

Alikuwa jike, rangi ya udongo, sikio moja limeliwa ncha. Mchana alivuka mfereji wa Nakivubo kwenda upande wa maduka ya Wahindi, akala alichookota, akarudi jioni. Kuvuka mfereji ule hakukuwa jambo dogo. Kisenyi yetu ilikuwa ndani ya Kibuga, mji wa Kabaka, mfalme wa Buganda. Ng'ambo ilianza manispaa ya Wazungu. Mtu wa leo anaona Kampala moja, lakini sisi tulikaa kwenye miji miwili iliyogeuziana mgongo. Kule kulikuwa na taa za barabarani, mapipa ya taka na sheria za kila kitu, hata za mbwa. Mbwa wa Kololo na Nakasero walivaa mkanda wa ngozi wenye kibati, ushahidi kwamba bwana wao amelipa. Kwetu mbwa hakuwa na kibati, na watoto wengine hatukuwa na viatu.

Nasimulia ya mwaka 1955. Kabaka Mutesa alikuwa bado Uingereza, alikopelekwa na Gavana Cohen tangu Novemba 1953, na mtaani kwetu kulikuwa na wazee wa Kiganda walioapa kutonyoa ndevu mpaka arudi. Baba alinyoa. Alikuwa keya, askari wa jeshi la Waingereza la Waafrika, amepigana Burma, na alisema ndevu alizofuga msituni zinamtosha. Aliporudi vitani alipata kazi ya kupakia mizigo stesheni, kazi ya siku kwa siku. Siku ikikosa mabehewa, anarudi nyumbani saa nne asubuhi, anakaa kibarazani akijifanya anatengeneza kiatu.

Kodi ya kichwa ndiyo ilimnyima usingizi. Askari wa kodi walikuja alfajiri, wakazingira vichochoro pande mbili, na mwanamume asiye na tikiti alifungwa kamba na wenzake. Baba alitunza tikiti zake kwenye kopo la tumbaku, za kila mwaka, zimepangwa kama barua za mchumba. Mwaka ule kopo halikuwa na mpya. Siku walipokuja alitoka na shuka kiunoni, akaruka ua, akaingia ghala ya jirani, katikati ya mapipa ya pombe. Hayawahusu akalala kizingitini. Askari alipokaribia, mbwa hakubweka. Alinyanyua mdomo wa juu tu, meno yakaonekana. Askari akaangalia pipa, akaangalia meno, akaenda nyumba nyingine.

Bibi hakumsema jirani kwa muda wa mwezi mzima. Kwa Bibi hiyo ilikuwa shukrani kubwa mno.

Baba alikuja kupata pesa za kodi baadaye, kwa kukopa. Deni la mbwa lilibaki, na mimi nilijiona ndiye mdaiwa.

Kisha ikaja habari ya kichaa cha mbwa. Sitaki kuifanya dogo. Mtoto wa fundi cherehani aliumwa na mbwa asiyejulikana, akachomwa sindano za tumboni, moja kila siku, siku 14, na sote tulimsikia akilia kabla hajafika njia panda, kwa kujua tu anakopelekwa. Watu waliogopa na walikuwa na haki ya kuogopa. Mbiu ikapigwa sokoni: mbwa asiye na kibati atauawa. Ada ya kibati ilikuwa pesa ambayo hakuna mtu wa kichochoro chetu angeitoa kwa ajili ya mbwa, na sidhani aliyetunga amri hiyo hakulijua hilo.

Mimi nilikuwa na senti kumi ya Idi. Wanaokumbuka pesa za zamani wanaijua: ya shaba, pana, imetobolewa katikati, na pembe mbili za ndovu zimepinda kuzunguka tundu. Nilikuwa sijaitumia kwa sababu nilipenda kuchungulia dunia kupitia lile tundu. Nikatafuta kamba ya katani, nikaipitisha, nikamfunga Hayawahusu shingoni. Alisimama kimya nikifunga, kisha akajikuna mara moja, akaizoea.

Walikuja siku ya Jumanne au Jumatano, askari wawili wenye bunduki na vijana wawili wa mkokoteni. Tayari kulikuwa na mbwa watatu juu yake, wamefunikwa gunia, mkia mmoja unaning'inia na kupiga gurudumu. Jirani alikuwa sokoni. Hayawahusu alikuwa kivulini mwa ukuta wetu. Askari mmoja akainua bunduki, akaishusha.

"Nani kamfunga hii?"

"Mimi, afande."

"Ya nini?"

"Ndiyo leseni yake."

Akainama, akaigeuza ile senti kwa kidole, akasoma maandishi yake kana kwamba yana habari. Kisha akacheka mpaka kofia ikateleza. Akamgeukia mwenzake: "Huyu kalipa kodi. Kamshinda baba yake!"

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Tikiti mpya ilikuwa mfukoni mwa shati, nilijua kwa sababu tangu aipate hakutoka bila hiyo. Angeweza kuitoa. Hakuitoa, na hakusema neno, na askari wakasukuma mkokoteni wao wakaenda. Usiku ule hakula. Nilidhani ananikasirikia mimi.

Kama wiki mbili hivi zilipita. Nafikiri bunduki zilikuwa na kelele na gharama, maana safari hii hawakuja na bunduki. Vipande vya nyama vilionekana ukingoni mwa mfereji asubuhi, nyama nzuri, ya aina ambayo kwetu ilipikwa Idi kwa Idi. Watoto tukaambiwa tusiguse. Mbwa hawakuambiwa.

Hayawahusu alirudi nyumbani kwa miguu iliyokakamaa, akitembea kama meza. Alianguka ubavu mbele ya mlango wa mama yake. Mgongo ulipinda kwa nyuma, midomo ikavutika hadi akaonekana anatabasamu. Kisha akalegea, tukadhani kwisha; mtu akaweka mfuniko juu ya sufuria, na mlio ule mdogo tu ukamrusha tena mwili mzima. Jirani akatuashiria tunyamaze. Kichochoro kizima kikanyamaza, watu wazima na watoto, mtu akichukua ndoo aliichukua kwa mikono miwili isilie. Jirani alimwita kwa sauti ya chini sana. Nilikuwa sijawahi kulisikia jina lile likiitwa ili mbwa peke yake asikie. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa.

Uzeeni nimekuja kusoma kwamba Bombay, mwaka 1832, Waingereza walipoamuru mbwa wa mitaani wauawe, Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta wanaomheshimu mbwa, walifunga maduka, wakaingia barabarani, na chakula kikazuiwa kufika kambi ya wanajeshi. Niliisoma habari hiyo mara mbili. Sisi Kisenyi tulikuwa na hasira pia, lakini hatukuwa na duka la kufunga.

Baba ndiye aliyechimba. Hakusubiri mkokoteni. Alimbeba kwa gunia, yeye mwana wa Bibi, mbele ya macho ya Bibi, akamzika karibu na migomba. Kabla hajamfukia nikaikata ile kamba. Nikarudi nyumbani nimefumba kiganja, na Bibi alikuwa ananingoja kibarazani na birika.

"Mume wangu, fungua mkono."

Ndivyo alivyoniita alipokuwa hana ugomvi nami, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Nikafungua. Aliiangalia ile senti kwa muda. Nilijua atanipiga, au ataitupa mferejini.

Akachota udongo mkavu chini ya mgomba, akaisugua pande zote, hata ndani ya tundu, kwa ncha ya kijiti. Kisha akamimina maji. Akamimina tena, akihesabu kwa sauti, mpaka ikatimia saba. Mikono yangu nayo akaiosha hivyohivyo. Akaifuta senti kwa pindo la kanga, akanirudishia, ikiwa inang'aa kuliko siku ya Idi.

"Chumvi imekwisha," akasema. "Nenda dukani."