Subiri Ilie

Jana jioni umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kufua, binti yangu akaanza kuvuta mfuniko. Sketi yake ya shule ilikuwa humo ndani.

"Mama, mbona haifunguki?"

Nikamwambia asubiri dakika moja au mbili, itafunguka yenyewe. Akauliza nani kaniambia. Kabla sijajibu ikalia: ta. Mfuniko ukaachia. Yeye akachukua sketi yake akaenda zake, mimi nikabaki gizani nimeshika ukingo wa mashine.

Ni babu yake aliyeniambia.

Ilikuwa Julai 2018, mwaka ule mama alipougua. Anayeijua Mbeya anaijua na Julai yake: usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, asubuhi maji ya bomba yanakata vidole. Mama alikuwa amelala chumba cha nyuma tangu Aprili, upande wote wa kulia hauna nguvu. Kila siku tulibadilisha mashuka matatu, siku mbaya matano. Nesi alituonya mapema kwamba shuka likibaki na unyevu hata kidogo, mgongo utachubuka, vidonda vya kulalia vitaanza, na hivyo vikishaanza kuponya ni kazi. Ndipo tukachanga tukanunua ile mashine ya mtumba, ya mfuniko wa juu. Anko wa Dar aliitafuta, ikapandishwa kwenye basi, ikafika na mchubuko mmoja ubavuni.

Kufua tungefua kwa mikono. Kilichotuokoa ni kukamua. Shuka la kukamua kwa mkono, Julai, linakaa kambani siku mbili. La mashine ukilianika saa tatu, saa tisa unalitandika.

Wiki ya pili ya mwezi ikagoma. Inajaza maji, inafua, inayamwaga vizuri, ikifika kwenye kukamua unasikia ki, ki, ki, taa zinamulika, inasimama. Fundi aliyekuja alimaliza nusu saa. Akasema ni loki ya mfuniko, kipuri soko lote la Mwanjelwa hakipo, kuagiza Dar ni wiki mbili. Akachomoa soketi ya loki pale kwenye bodi, ule ubao wa umeme unaoiongoza mashine, akaunga waya mbili dairekti. Mashine ikakamua huku mfuniko uko wazi. Nilimlipa na kumshukuru kwa moyo wote. Nilikuwa na mashuka matatu yanachuruzika kwenye beseni, wala sikuuliza ile loki waliiweka ya nini.

Siku ya nne mama mdogo, aliyekuwa amekuja kutoka Tukuyu kutusaidia, alinyanyua mfuniko pipa likizunguka ili aongeze foronya. Ncha ya kitenge alichojitanda ikaingia. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji wa mama. Nilisikia ukelele, kisha mashine ikigonga ukuta. Nilipofika, kitenge chote kilikuwa kimemezwa, mama mdogo amekaa sakafuni, mikono yote miwili shingoni. Kitenge kilikuwa kimelala tu mabegani. Baadaye alinieleza kwamba asubuhi ile, kwa baridi, alikuwa amefikiria kukipiga fundo.

Baba alikuja kutoka kibarazani akachomoa plagi. Hakusema neno. Alisubiri pipa lisimame kabisa, akafungua kitenge mzunguko kwa mzunguko, akakikung'uta, akampa.

"Ndaga, shemeji," mama mdogo akamshukuru kwa Kinyakyusa, sauti ikitetemeka.

Baba akanigeukia. "Hizi waya kaunga nani?"

Mliomfahamu baba mnajua alitoka wapi. Aliingia karakana ya TAZARA hapa Mbeya mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya Wachina kukabidhi reli, na mikono yake ilifundishwa pale. Kabla hajaingia chini ya injini alichomoa mpini wa kuielekeza mbele na nyuma, akauweka mfukoni. Bila ule mpini hakuna dereva wa kuisogeza. Mama alikuwa akipapasa mifuko ya ovaroli jioni kabla hajaifua, akihofia treni imebaki Iyunga haina mpini.

Na mnajua pia, maana wengi mlikuja kutuona, kwamba tangu Aprili baba alikuwa haingii chumbani kwa mama. Alisimama mlangoni, akauliza kama amekula, akarudi kibarazani. Niliumia sana kwa hilo. Kuna siku nilimnunia tangu asubuhi hadi usiku.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, alivaa koti lake la kazi la zamani. Plagi aliifunga kwa leso yake nyeupe, akatuambia yeyote atakayeifungua ile leso amwite yeye kwanza. Akafungua skrubu za nyuma, akaniambia nimsaidie kunyanyua bamba la juu.

Loki yenyewe ilikuwa kijiboksi cha plastiki cheupe, kikubwa kidogo kuliko kiberiti. Tundu linapoingia ulimi wa mfuniko lilikuwa limejaa ukoko wa sabuni uliogandamana na nyuzi za mashuka. Akaukwangua kwa njiti, akapangusa kwa kitambaa chenye maji ya moto. Alikuwa akinieleza huku anafanya, kwa ile sauti ya kufundisha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa shule ya msingi. Ndani kuna kibati cha metali mbili zilizoshikamanishwa, na kando yake kipasha joto kidogo. Umeme ukipita, kibati kinapata joto, metali moja inatanuka kuliko mwenzake, kinapinda, kinasukuma kijipini kinachobana ulimi wa mfuniko. Kikishabana, kinagusisha waya mwingine unaopeleka habari kwenye bodi: nimefunga, zungusha. Umeme ukikatika hakiachii papo hapo, kinasubiri kipoe. Muda wa kupoa ndio muda wa pipa kusimama.

"Ndiyo maana unasubiri ilie," akasema. "Ikilia, mkono wako uko salama."

Akasoma kibandiko cha nyuma: kukamua, mizunguko 700 kwa dakika. Akapiga hesabu kwa penseli juu ya boksi la sabuni, akanionyesha. Karibu mara 12 kwa sekunde moja. Sikuweza kumtazama mama mdogo.

Alipima kipasha joto kwa mita yake, kizima. Akapima loki yote, nzima. Nikadhani tumeshindwa. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kufuata waya mmoja mmoja kutoka kwenye loki kwenda kwenye bodi, mita ameiweka kwenye mlio, kwamba waya ukiwa mzima inalia, ukiwa umekatika iko kimya. Wa kwanza ukalia. Wa pili ukalia. Wa tatu, ule wa kurudisha habari, kimya.

Kwa nje haukuwa na alama yoyote. Baba akaushika kati ya kidole gumba na cha shahada, akaanza kuupapasa kutoka mwanzo, sentimita kwa sentimita, macho ameyafumba. Vidole vyake vilikuwa vinene, kucha ya kimoja imekufa tangu miaka ya karakana, na sikuwahi kuviona vikigusa kitu kwa upole vile. Alishika kama nesi anavyoshika kifundo cha mkono wa mama akihesabu mapigo. Pale waya ulipopita kwenye ukingo mkali wa bati akasimama. Akabonyeza, mita ikalia. Akaachia, ikanyamaza. Akabonyeza tena, ikalia, na safari hii hakuachia. Alikaa hivyo muda mrefu, ameubana, mita inalia nyumba nzima, mimi nimeshika bamba la bati mikono inakufa ganzi, sithubutu kusema baba, nimechoka.

"Loki ilikuwa inafunga siku zote," akasema hatimaye. "Habari ndiyo ilikuwa haifiki."

Shaba ilikuwa imekatikia ndani ya plastiki yake, kwa mtikisiko, pengine tangu kwenye basi. Yaliyobaki yalikwenda haraka. Alikata, akamenya, akasokota, akaweka risasi kwa kile chuma chake cha kulehemu kinachopashwa kwenye jiko la mkaa, akafunga tepu, akauhamisha waya mbali na ule ukingo na kuuvika kipande cha mpira wa baiskeli. Zile waya za dairekti akazitenganisha, akarudisha kila moja mahali pake. Kipuri hatukuhitaji kabisa.

Nimejiuliza mara nyingi kama aliitengeneza kwa ajili ya shingo ya shemeji yake, au kwa sababu katika vyote vilivyoharibika nyumbani mwaka ule, hicho ndicho mikono yake ilichoweza. Dada yangu anasema nachimba mno, mzee aliona hatari akaiondoa, basi. Pengine. Ila siku zile mbili tatu nilizomnunia zinanirudia bado, na sijui niziweke wapi.

Tulirudisha bamba, skrubu zote zikatosha. Akafungua leso, akachomeka, akaweka mashuka mawili ya mama na kuchagua kukamua peke yake. Akafunga mfuniko, akainama, sikio karibu kabisa na tundu. Tukasubiri. Kwa baridi ile ilichukua sekunde nyingi kuliko nilivyotegemea.

Ta.

Chumba cha nyuma mlango ulikuwa wazi. Mama, ambaye kwa wiki ile alikuwa ametamka maneno matatu au manne tu, akasema kitu.

Baba akainuka. "Kasemaje?"

"Sijasikia vizuri," nikamwambia. Na kweli sikuwa nimesikia.

Alijipangusa mikono kwenye koti, mbele na nyuma, kama mtu anayeingia kanisani. Akatembea hadi mlangoni pale alipozoea kusimama. Safari hii akapita. Nikasikia kiti kikivutwa hadi kitandani, na sauti yake ikiuliza, na ya mama ikijaribu kujibu. Nilisogea nisikie, lakini pipa lilikuwa limeshashika kasi, na mashine ikifika kwenye kukamua nyumba ile husikii kitu kingine.