Siku moja manzukini: mzinga namba 9 hauna mama

Saa 10:30 alfajiri. Chai ya rangi, kiporo cha viazi, baiskeli. Manzuki yetu, yaani mahali tulipoweka mizinga, iko ndani ya miyombo, mwendo wa saa nzima kutoka Sikonge mjini. Nyuki wa huku jua likishawachoma hata moshi hawausikilizi, kwa hiyo ni alfajiri au jioni, basi.

Saa 12 asubuhi. Mizinga 14 ya viunzi (vijiti vya juu ambako nyuki hujengea masega) inaning'inia kwenye waya nilizopaka grisi, maana siafu hawana simile. Nawasha bomba la moshi kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe. Namba 1 hadi 8 wako salama, sina la kusimulia.

Saa 1 kasoro. Namba 9. Wiki mbili zilizopita niliufungua, nikaona mayai, nikafunga na furaha zangu: mayai yapo, malkia yupo. Sikuangalia yamekaaje. Leo nainua kiunzi cha tano na kukielekeza kwenye mwanga. Malkia hutaga yai moja kwa kijumba (kitundu cha sega), katikati ya kitako. Humu nahesabu mayai saba katika kijumba kimoja, mengine yamegandishwa ukutani kwa sababu tumbo la mtagaji ni fupi, halifiki chini. Pembeni vifuniko vya majana, watoto wa nyuki, vimetuna kama vichwa vya risasi. Ni madume, wanalelewa katika vijumba vya vibarua (nyuki majike wafanyakazi) visivyowatosha.

Vibarua wanataga. Mama kafa zamani, mimi nilikuwa nashangilia mayai ya mabinti.

Saa 4. "Shikamoo baba mkubwa." "Marahaba. Mbona umenuna?" Nikamweleza, akacheka mpaka akakohoa. "Mama hayupo, kila binti kajifanya mama."

Kibarua hajawahi kukutana na dume, lakini vifuko vya mayai anavyo, na kwa nyuki yai lisilorutubishwa hutoa dume. Kwa hiyo anaweza kupata mwana wa kiume bila mume. (Nyuki wa Rasi, kule Afrika Kusini, wamezidi: vibarua wao hutaga hata majike, na huvamia mizinga ya wengine.) Harufu ya malkia na ya majana ndiyo huzuia vifuko hivyo visikomae. Hata malkia akiwepo, wachache hutaga kwa siri, na wenzao huyala mayai hayo.

Nilipofundishwa hilo Tabora nilidhani ni utii kwa malkia. Kumbe ni hesabu ya damu. Malkia hujamiiana angani na madume zaidi ya kumi, hivyo mzingani wengi ni wa mama mmoja, baba mbalimbali. Kwa kibarua, mwanawe mwenyewe ni nusu ya damu yake, kaka yake ni robo, na mtoto wa dada wa baba mwingine ni sehemu moja ya nane tu. Kila mmoja angependa kutaga, na hakuna anayetaka mwenzake atage. Mimi tangu hapo siwasifii tena nyuki kwa umoja mbele za watu.

Saa 8 mchana. Kuyeyusha na kuchuja nta. Joto, basi.

Saa 11 jioni. Nilitaka kuwapa malkia mpya, baba mkubwa akakataa katakata: "Watamuua. Wao wanaona mama wanaye." Nachukua sega la mayai na majana machanga kutoka namba 4, nakung'uta nyuki wake, nalibeba wima kama mtoto mchanga, maana sega jipya ukililaza tu linakatika. Naumwa mara mbili, glavu ilipoishia. Sega moja halitatosha. Itabidi kila wiki, kama mara tatu hivi, mpaka harufu ya majana iwatulize na wajenge kijumba cha malkia. Tangu yai kutagwa hadi malkia kutoka ni kama siku 15 au 16.

Saa 2 usiku. Mkono umevimba, mwandiko mbovu. Daftarini: "Na. 9, vibarua wanataga. Sega la pili Jumatano, toka namba 2. ANGALIA MAYAI YAMEKAAJE."