Kustaafu Lisbon: Hesabu Ngazi Kwanza

Vidato 78 vya mbao, vyembamba hata kisigino kinabaki hewani, na jengo halina lifti. Juu kabisa dalali akafungua dirisha: mto Tejo, mapaa mekundu ya Alfama, mtaa wa kale wa Lisbon, jua la Januari. Mimi nikavuta kabati. Nyuma yake ukuta ulikuwa na koga nyeusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na ukuta wa pili ulinuka rangi mbichi. Rangi mpya katikati ya majira ya baridi ni ya kutiliwa shaka, maana mara nyingi imepakwa juu ya ukungu.

Anayetafuta mahali pa kuzeekea Lisbon azuru Januari, asizuru Juni. Sisi wa Mombasa tunaujua unyevu, lakini wetu ni wa joto. Wa kule unakutana na baridi. Nje nyuzi 14, ndani unavaa sweta mbili. Sababu ni ujenzi: kanuni za Ureno za kuhifadhi joto ndani ya majengo zilianza mwaka 1990 tu, na nyumba nyingi za mitaa ya kale zina kuta zisizo na kinga, vioo vya tabaka moja, wala hazina mfumo wa kupasha joto. Pumzi za waliolala na mvuke wa sufuria hugandia ukuta wa baridi, koga ikaota. Kwa hiyo bandika kiganja kwenye ukuta unaotazama kaskazini, fungua kila kabati, kagua pembe nyuma ya mapazia, kisha uombe bili ya umeme ya Januari na Februari. Dirisha litazame kusini, upande wa jua. Mashine ya kukausha unyevu ihesabu pamoja na kitanda na jiko.

Magoti nayo yana hesabu yake. Njia za miguu zimetandikwa vipande vya mawe ya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo za miaka mingi. Mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Viatu vya soli ya mpira, na mteremko ushukwe kwa hatua fupi. Tramu namba 28 inapanda vilima, ila kidato chake ni kirefu, watalii wameijaza, wezi wa mifukoni wanaifuata, na nauli ukilipia ndani ni zaidi ya euro 3. Mzee asiitegemee kwa safari za kila siku. Mitaa tambarare ni Alvalade, Avenidas Novas na Campo de Ourique.

Mkahawani nilitozwa mkate, zeituni na jibini ambavyo sikuagiza. Huviweka mezani kimyakimya, na ukivionja umevinunua. Usipovitaka, mwambie mhudumu aviondoe kabla hujavigusa. Ambacho hukuomba wala hukugusa, sheria hairuhusu ulipishwe.

Karatasi ndizo zinazochosha. Viza ya mwenye pensheni inaitwa D7. Kwa mwaka 2025 ilitaka kipato cha kudumu kisichopungua euro 870 kwa mwezi, sawa na kima cha chini cha mshahara wa Ureno, na mwenzi wa ndoa anaongeza nusu yake: jumla euro 1,305. Unaanza na namba ya mlipakodi, NIF, halafu akaunti ya benki, halafu mkataba wa nyumba, na vyote hivyo kabla ya viza. Hapo ndipo wengi wanakwama. Mwenye nyumba anadai mdhamini aliye Ureno, na asipompata anataka kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, wakati wewe huna hakika kama ubalozi utakubali.

Alvalade niliona nyumba ya chini, chumba kimoja, dirisha la kusini, ukuta mkavu. Kodi euro 1,250. Yaani kipato kinachowatosha wawili kwa viza kingewabakishia euro 55 za chakula, umeme na dawa.

Nilikaa kwenye meza, wao husema mesa, mbele yangu kopo, kwao copo. Maneno hayo yalishuka pwani yetu pamoja na walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na hadi leo hayana ugeni masikioni mwangu. Nikawaza baraza ya Mji wa Kale saa kumi jioni, watu wazima wameketi na kahawa chungu, na hakuna aliyepanda ngazi kufika hapo.