Nilivyoifukuza baridi kwenye nyumba ya daraja C, Fortingall

Katika suala la nyumba za zamani za Uskoti, kila mtu ni wakili. Muuza madirisha ya plastiki alipiga hodi na kabrasha lake la picha, nikamwambia nyumba yetu imo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Akacheka. "Daraja C tu hiyo, haina maneno." Jirani yetu, mzee mwema kabisa, akasema sheria inalinda nje peke yake, ndani ni kwako, vunja utakavyo. Kaka yangu akapiga simu kutoka Tanga: "Dada, si mhame tu?"

Kati ya hao watatu, kaka ndiye pekee ambaye hakukosea sheria.

Mambo yako hivi. Historic Environment Scotland, shirika la umma linalotunza turathi za Uskoti, ndio wanaoorodhesha majengo, kwa daraja A, B na C. Kibali cha kubadilisha jengo kinatoka halmashauri. Sheria ni ya mwaka 1997 na haijali herufi yako ni ipi: C inalindwa sawasawa na A, ndani na nje, na ukibomoa bila kibali, au ukibadilisha kwa namna inayogusa sifa yake ya kihistoria, umetenda kosa la jinai. Maombi yenyewe hayana ada, jambo ambalo hakuna aliyenidokezea.

Sisi tuko parokia ya Fortingall, Perthshire, pale bonde la Glen Lyon linapoanzia. (Parokia hazina mamlaka ya utawala tangu 1930, ila orodha ya majengo bado inapangwa kwa majina yake, kwa hiyo ukitafuta nyumba yako anza na parokia.) Wageni huja kuona mti wa kale uitwao yew uani kwa kanisa, unaosemekana una miaka 2,000 au zaidi, halafu wanapiga picha nyumba zilizoezekwa kwa majani. Nyumba hizo alizijengesha Sir Donald Currie, tajiri wa meli aliyenunua shamba la Glenlyon mwaka 1885, na msanifu aliyezichorea ramani alikuwa James MacLaren. Kampuni ya Currie ndiyo iliyokuja kuwa Union-Castle, zile meli za rangi ya zambarau iliyopauka ambazo wazee wetu walizizoea Mombasa, Tanga na Zanzibar. Siku nilipojua hilo nilimpigia kaka simu usiku. Hakufurahi.

Nyumba yetu si ya Currie wala haina majani. Ni ya mawe, kuta unene wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole na zaidi, na madirisha ya kupandisha na kushusha yenye kioo kimoja. Januari ukiweka mshumaa dirishani unazimika wenyewe.

Mama mkwe alinipa dawa yake: nailoni nyembamba, unaibandika kuzunguka fremu kwa gundi ya pande mbili, kisha unaipuliza kwa draya ya nywele mpaka ikaze. Nikabandika sebule nzima. Ilikaza kama ngozi ya ngoma, na mimi nikajisifu hadi saa ya kulala. Usiku upepo ukashuka bondeni. Pwaa. Kimya. Pwaa, pwaa. Mume wangu akaamka akashika chuma cha kuchochea moto, akashuka ngazi kwa vidole, akawasha taa, akakuta sebule tupu na madirisha yote yanampigia. Asubuhi maji yalikuwa yamejaa kati ya nailoni na kioo, yanachuruzika mpaka kwenye mbao. Nikaing'oa kwa hasira, gundi ikaondoka na rangi.

Na hapo chini ya rangi, pembeni mwa dirisha, pakatokeza bawaba.

Nikagonga ule ubao wa pembeni kwa kifundo cha kidole. Ulilia wazi, hakuna jiwe nyuma yake. Kumbe kile tulichokiita pambo la ukuta ni milango ya mbao ya dirisha, imekunjwa ndani ya sanduku lake tangu zamani, na vizazi vya wachoraji rangi vimeipaka juu kwa juu hadi ikasahaulika. Mtu wa pwani nimekulia nyuma ya madirisha ya mbao, halafu nimeishi na haya msimu mzima nikiyaegemea!

Kuyafungua kulinichukua jioni nyingi. Rangi ya zamani mara nyingi ina madini ya risasi, nayo ni sumu, kwa hiyo usipige msasa mkavu, lowesha, vaa barakoa, na watoto wakae mbali. Unapitisha kisu chembamba kwenye mshono, unagonga taratibu kwa nyundo iliyofungwa kitambaa, unasogea inchi moja, unarudia. Patasi iache kwenye sanduku la vifaa. Jani la kwanza la mlango lilipoachia lilitoa mlio wa kukatika, vumbi likanijaa machoni, na nyuma yake mbao tupu, haijawahi kuona brashi, ina alama ya fundi kwa penseli. Jani la pili lilifuata kwa kukunjuka lenyewe.

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian kilipima madirisha kama haya. Milango ya mbao ikifungwa inapunguza joto linalopotea kwenye kioo kwa 51%. Kioo cha pili cha ndani, 63%. Nikaamua kuvitumia vyote viwili: usiku mbao, na mchana, badala ya kioo cha pili, vipande vya akriliki (plastiki angavu kama kioo) vinavyoshikwa kwa sumaku, unavivua msimu wa joto. Kabla ya hapo niliiandikia halmashauri baruapepe yenye picha, nikauliza kama nahitaji kibali. Wakajibu kwa maandishi kwamba kwetu hakihitajiki. Jibu hilo nimelichapa, liko kwenye faili pamoja na hati ya nyumba. Kwako wanaweza kujibu vingine, uliza.

Kamba za madirisha na puti nilimwachia fundi. Jumla ilikuwa pauni mia kadhaa. Bei ya muuza plastiki kwa dirisha moja tu ilikuwa karibu hiyo.

Sasa sebule inakalika hata usiku wa theluji. Mama mkwe anawaambia watu wazo lilikuwa lake, kwa sababu nailoni ilikuwa yake. Mimi nimehamia mlango wa nyuma, unaopitisha upepo kwa chini, na baruapepe ya halmashauri nimeshaituma.