Geti la pwani lilivyoacha kubanduka rangi

Geti langu liko Kigamboni karibu na bahari, rangi ya mafuta ilikuwa inabanduka kama maganda ya kitunguu, chini kutu tupu. Nimepaka mara tatu nikachoka, nikalipeleka kwa mafundi wa pauda koting, yaani rangi ya unga inayookwa. Wakalipiga mchanga kwa presha mpaka chuma kikang'aa, wakaweka praima ya zinki, yaani rangi ya chini ya kuzuia kutu (ukikaa pwani usikubali waruke hii), halafu wanapuliza unga mkavu wenye chaji ya umeme na geti limefungwa waya wa ethi unaopeleka umeme ardhini, kwa hiyo unga unajinatisha wenyewe, ndo linaingia oveni nyuzi kama 200 dakika 15 hivi, unayeyuka unakuwa ngozi moja ngumu. Hamna thina ya kuchanganyia rangi kabisa. Mwaka wa pili huu, nafuta chumvi na kitambaa tu.