Siku ya kwanza Mumbai: rangi, sabuni na laki

Naandika hii nikiwa kitandani hotelini, nimelala masaa matatu tu tangu jana na miguu inawaka moto, lakini nikingoja kesho nitasahau nusu, kwahivyo wacha niiandike vile inavyokuja.

Wanaonijua wanajua nauza leso, yaani kanga. Miaka yote nimekuwa nikipitia kwa mtu wa kati, mwaka huu nikasema basi, naenda mwenyewe nikashike kitambaa kwa mkono wangu na nikae uso kwa uso na wakala anayetuletea mzigo kutoka Jetpur, kule Gujarat, ambako leso na vitenge vingi tunavyovaa kwetu ndiko vinakochapishwa. Ofisi ya wakala iko Mumbai. Ndio nikakata tikiti ya Mumbai, peke yangu, mara ya kwanza India.

Ndege ilitua alfajiri. Kadi ya homa ya manjano iweke kwa mkoba wa mkononi kabisa, usiizike ndani ya sanduku, maana ukitoka Afrika Mashariki wataiuliza, na wasioweza kuionyesha wanaweza kuwekwa karantini mpaka siku 6. Nje nikachukua teksi ya kwanza niliyoiona, dereva akaniambia mita imeharibika, nikalipa karibu mara tatu ya bei nilivyokuja kuambiwa baadaye na yule kijana wa mapokezi. Iliniuma. Tangu hapo siingii garini kabla sijaona mita inawaka.

Saa tatu asubuhi wakala akapiga simu, bosi wake hajarudi, tuonane kesho. Saa za huku ziko mbele ya kwetu kwa masaa mawili na nusu, na hiyo nusu ndiyo inayovuruga kichwa, kila nikitaka kupiga simu nyumbani nahesabu mara mbili. Basi nina siku nzima mkononi, nimevaa buibui langu, nimefunga sampuli zangu za leso kwa mfuko, nikatoka.

Kelele, jamani. Honi huku haipigwi kwa hasira, inapigwa tu, kama mtu anavyokohoa ili ajulikane yuko nyuma yako, na ukishaelewa hivyo moyo unatulia. Malori yameandikwa nyuma kwa rangi kubwa kubwa HORN OK PLEASE. Mikokoteni ya kusukumwa, pikipiki, mabasi mekundu, wachukuzi na mafurushi kichwani, wote kwenye barabara moja na hakuna anayesimama kumngoja mwenzake. Nilikaa kando ya barabara dakika kumi nikishindwa kuvuka mpaka mama mmoja wa makamo mwenye sari akanishika mkono, hakusema neno, akanivusha, akaniacha ng'ambo akaenda zake. Namwombea dua mpaka saa hii.

Nikapita stesheni kubwa ya treni ya CSMT, ambayo wengi bado wanaiita VT, jengo la miaka ya 1880 lenye kuba na minara na mawe yaliyochongwa wanyama, liko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2004. Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa watu. Wanatoka mle kama maji ya bamvua, treni baada ya treni. Pembeni nikapata chai ya kwanza, wanaiita cutting, yaani nusu glasi, ina tangawizi na iliki na sukari ya kutosha, na vada pav, ambayo ni kiazi kilichopondwa kikachovywa unga wa dengu kikakaangwa kikatiwa ndani ya mkate. Nikamuuliza muuzaji ndani kuna nini, akasema batata. Nikasema eh? Batata? Kwetu pwani wazee wanasema mbatata! Mreno alipita kwetu na kwao, akaacha kiazi na jina lake.

Kuanzia hapo masikio yakafunguka.

Mangaldas Market iko karibu na Crawford Market, ni vichochoro vya ndani kwa ndani vilivyofunikwa juu, kitambaa mpaka darini. Sikuja kununua huko, mzigo wangu ni wa jumla, ila nilitaka kujua bei ya pamba kabla ya kukaa na wakala. Kuna maduka unavua viatu unapanda juu ya godoro jeupe unakaa chini na mwenye duka. Nikakaa kwa mzee mmoja, ndevu nyeupe, miwani imeshuka puani, akaniita beti, yaani binti, mimi nikamwita chacha, yaani baba mdogo, kama nilivyosikia wengine wakimwita. Kiingereza chake kidogo, Kihindi changu hakuna. Nikatoa leso yangu nikamwonyesha pindo, mji na jina, akaipapasa kwa vidole viwili, akaisugua, akatikisa kichwa. Nilijua anachotafuta. Wanga. Kitambaa chepesi kikitiwa wanga kinasimama dukani kizito kizuri, mteja akikifua mara moja kinakuwa kama chandarua, na rangi nayo inachuja mpaka nguo zingine kwenye karai zinaharibika, alafu anayelaumiwa ni mimi niliyemuuzia. Hilo ndilo lililonileta huku wallahi, nimechoka kurudishiwa leso na akina mama ambao wamejinyima ili wanunue.

Mzee akatoa pamba yake akasema, pakka rang, yaani rangi isiyochuja. Nikasema rangi? Akasema rang, rang. Nikamwambia sabuni? Akaruka, saabun, haan, saabun! Akamtuma kijana maji, akalowesha kipande mbele yangu akakisugua kwa sabuni kweli kweli na maji yakabaki meupe. Tukaendelea hivyo hivyo, dukani ni dukaan, hesabu ni hisaab, pesa ni paisa. Alafu kijana akapiga kikokotozi akanigeuzia, imeandikwa 2,50,000, hiyo koma imekaa mahali sijawahi kuiona, nikakodoa macho. Mzee akasema, dhai lakh. Laki! Kumbe wao wanaweka koma kwenye laki, sio kwenye milioni, laki mbili na nusu. Mimi marehemu babu yangu alikuwa anahesabu hivyo hivyo, laki, na shuleni tukaambiwa tuandike mia mbili na hamsini elfu. Kama wewe ni mfanyabiashara na unakuja huku zingatia sana hiyo koma kwenye ankara, mtu anaweza kusoma vibaya akakubali bei isiyo yake. Nikajaribu neno moja la mwisho, nikamwambia leso zetu kwa jumla tunauza kwa korja, nikamwonyesha vidole vyote mara mbili. Akafikiri kidogo, akasema kodi, bees. Ishirini. Vijana wake hawakulijua, yeye analijua kutoka kwa baba yake.

Sikununua kitu kwake na hakukasirika, akaniagizia chai ingine.

Mchana nikafika Churchgate nikakuta wale dabbawala, wanaume wa kofia nyeupe wanaobeba chakula kutoka majumbani mpaka maofisini, kazi iliyoanza mwaka wa 1890 hivi. Mabebeo marefu ya mbao kichwani yamejaa vyombo, kila chombo kina alama ya rangi, herufi na namba, wanavipanga chini kando ya barabara haraka haraka na hakuna anayeuliza mwenzake kitu. Jioni vyombo vinarudi vitupu nyumba ile ile vilikotoka. Hata dabba, sikiliza vizuri utasikia debe ndani yake.

Sio mbali na hapo kuna Flora Fountain, chemchemi ya mawe ya 1864 katikati ya magari. Mara ya kwanza ilikuwa iitwe kwa jina la Bartle Frere, gavana wa Bombay wa wakati huo. Nilisimama pale muda mrefu, kwa sababu mtu wa Mombasa hawezi kulisikia jina hilo akapita tu. Ndiye huyo huyo aliyepewa jina lake mtaa wetu wa Freretown. Waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa wengine waliletwa upande huu wa India, wakalelewa mji wa Nasik, alafu miaka ya 1870 baadhi yao wakarudishwa Mombasa, na kengele yao ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni ambapo mimi hushuka matatu karibu kila siku. Watoto waliotolewa kwetu kwa nguvu wakajifunza lugha za hapa, wakarudi wakubwa, hawajui mama yao alikuwa nani. Watu walikuwa wanapiga picha ile sanamu na mimi nilikuwa nafuta machozi.

Alasiri nikapanda treni ya ndani ya mji, behewa la wanawake, Churchgate mpaka Dadar na kurudi, bila sababu zaidi ya kutaka kupanda. Milango haifungwi, kituoni inasimama sekunde chache tu. Ndani wanawake wanachambua mboga, wanauza hereni na vibanio, wanalala wamesimama. Dada mmoja akaniuliza, didi, yaani dada, unashuka wapi, nikadhani anataka kunisaidia, kumbe ndivyo viti vinavyowekwa oda, ukimwambia unashuka Dadar basi kiti ni chake ukiinuka, na wengine wote wanaheshimu. Yeye ndiye aliyenivuta mlangoni mapema, akanishikilia buibui lisinaswe, akasema now, nikaruka.

Kurudi nilishuka nikatembea Marine Drive jua linazama. Ukuta mzima umejaa watu wamekaa wanaangalia maji, wapenzi, wazee, watoto na bhel, vitafunio vya bisi za mchele, kwenye karatasi. Bahari ni ile ile yetu ila huku jua linazamia ndani yake na kwetu linachomoza kutoka humo, nikakaa nikageukia upande wa nyumbani.

Nimempigia mama sasa hivi, kwao bado mapema. Hakuuliza chakula wala hoteli, ameuliza kama nimeiona pamba. Nimemwambia nimeiona, na kesho kwa wakala naenda na sabuni yangu.